Zelina Ni Jina la Mtu

Mkuu wa Kituo aliniomba niandike kurasa chache za kuwatia moyo vijana kabla sijakabidhi funguo za maabara. Funguo nimekabidhi, kurasa ndiyo hizi, ila moyo wa kuwatia sina. Nilicho nacho ni hasira, na nimeitunza vizuri kuliko kituo kilivyotunza vifaa vyake. Vyeo nilivyopewa na nilivyonyimwa vimo kwenye jalada langu. Anayevitaka akavisome huko, vitamletea usingizi.

Nilifika hapa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, Mbozi, katikati ya miaka ya themanini, enzi za ruksa ndiyo zinaanza, nikiwa binti wa kijiji cha Hasamba mwenye shahada ya kemia na viatu vya kisigino kirefu. Barabara kuu ya kwenda Tunduma ilipita mbele ya geti letu kama inavyopita leo, ila malori yalikuwa machache. Nikaelekezwa maabara. Mkuu wa maabara alikuwa Dokta Silwimba, Mnamwanga wa upande wa Momba, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Alikuwa amesoma miaka mingi Ulaya ya Mashariki, na wakati wenzake walirudi na redio, yeye alirudi na chupa za kioo zilizoviringishwa kwenye blanketi. Hakuniambia karibu. Alinitupia gambuti mbili.

"Vaa. Nenda bohari ukachukue sabuni, halafu urudi."

Nikavaa. Zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto. Nikaenda, watu wakanicheka njia nzima, nikarudi na sabuni na kidole gumba kinachowaka moto.

"Umefika?" akauliza.

"Nimefika, Dokta, ila naumia."

"Wewe umefika kwa sababu una aibu, umeogopa kunikatalia siku ya kwanza. Mdudu hana aibu. Pua ya mdudu ni mguu wa kulia, ukimpelekea gambuti la kushoto haendi popote. Kaa chini tuanze kazi."

Nyinyi mmelisoma somo hilo kwenye vitabu vyenye picha za rangi, kwa hiyo nitalisema kwa kifupi kwa ajili ya wasio wakemia. Molekuli nyingi zenye kaboni zina mikono. Atomi ni zilezile, zimeshikana vilevile, lakini moja ni ya kulia na nyingine ya kushoto, na huwezi kuigeuza moja ikawa nyingine. Ukizitengeneza kwa njia ya kawaida unapata mchanganyiko, nusu kwa nusu, na viumbe hai havipendi mchanganyiko. Ili kuijua ipi ni ipi, unaiyeyusha na kuipitishia mwanga wa njano ndani ya polarimita. Mkono mmoja huusokota mwanga kuelekea kulia, tunauandika chanya. Mwingine huusokota kuelekea kushoto, tunauandika hasi. Ni alama tu. Hasi si pungufu wala si mbovu. Ningepewa rangi na ruhusa ya kuandika neno moja kwenye ukuta wa kila ofisi ya serikali, ningeandika hilo.

Jambo la pili nililojifunza mapema halikuwa la kemia. Kituo kilikuwa na utaratibu kwamba hakuna kitu kinachotoka bohari bila namba ya kituo. Namba ilipigwa rangi kwenye viti, kwenye ndoo, kwenye ngazi. Darubini yetu mpya ilipigwa rangi kwenye kioo chake, kwa sababu mpiga rangi aliona hapo ndipo palipo laini. Chupa za kemikali zilibandikwa lebo ya bohari, karatasi nene yenye gundi ya unga wa ngano, na lebo hiyo ilibandikwa juu ya lebo ya kiwanda, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Dokta Silwimba aligombana nao mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kila mara alijibiwa kwamba huo ndio utaratibu, na kila mara alirudi maabara akasafisha vioo visivyokuwa vichafu.

Miaka ikapita tukipima udongo na masalia ya dawa kwenye kahawa. Kisha biashara ya mahindi ikafunguliwa, Tunduma ikajaa malori, mawakala na wabadilisha fedha, na wanunuzi wakawa wanavuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta mahindi. Wakulima wa Mbozi wakaanza kuyaweka nyumbani wakingoja bei ipande. Mahindi yanayokaa huleta dumuzi, na mbali na yule mkubwa ambaye watu wanamwita Skania, kulikuwa na huyu mdogo, anayetoboa punje na kuiacha ganda lenye unga. Dume lake likipata chakula hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Harufu hiyo ina mkono.

Wafadhili wakaleta mradi. Sisi maabara tutengeneze ile harufu, tuiloweshe kwenye kipira, kipira kitundikwe ndani ya mtego, na mtego ukae kwenye kihenge cha mkulima. Mtego ukianza kunasa, mkulima anatia dawa ya unga siku hiyohiyo. Mtego ukiwa mtupu hatii, na watoto hawali sumu bila sababu. Ulikuwa mpango mzuri. Sijawahi kuukana na siukani leo.

Ili kupata mkono mmoja tulitumia borani ya paini. Jina lake kamili linajaza mstari mzima na sitawachosha nalo. Mti wa paini una utomvu, na ndani ya utomvu mna mafuta ambayo tayari yana mkono. Mti umeshafanya kazi ambayo mkemia angeumia kichwa kuifanya. Unazifunga molekuli mbili za mafuta hayo kwenye atomi moja ya boroni. Boroni sasa amebanwa. Ukimpa kipande cha kaboni tatu akibebe, halafu ukamkutanisha na asetaldehidi kwenye baridi kali, analazimika kukikabidhi kipande kile kupitia upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili paini imeziba. Mwisho unaiondoa boroni kwa soda kali na peroksaidi, maabara nzima inanukia mbao zilizotoka kupasuliwa, na unabaki na alkoholi ambayo karibu yote ni ya mkono unaoutaka. Kutoka hapo kufikia harufu ya dumuzi ni hatua za kawaida.

Kuna mahali wavivu huanguka. Paini ya chanya hutoa borani ya hasi. Alama inageuka njiani, ingawa mkono wa paini ni uleule. Dokta alinirudishia jambo hilo mpaka nikawa nalisema usingizini. Sisi tulihitaji borani ya hasi.

Ilikuwa inatoka kusini kwa lori, inapita Zambia yote, inaingia Nakonde, ndipo inavuka. Wakala wetu Tunduma alikuwa Bwana Salumu, mtu wa Kondoa aliyehamia mpakani akiwa kijana, mwenye kanzu safi hata siku za vumbi. Chupa ya kwanza ilipofika alinipigia simu ya mezani.

"Mama Mkemia, njoo upesi. Mzigo umeandikwa usifunguliwe, na mheshimiwa wa forodha anataka kuufungua."

Nilimkuta mheshimiwa na bisibisi mkononi. Nikamweleza kwamba ule unga mweupe haupendi hewa wala unyevu. Akasema sheria inamtaka aone kilichomo.

"Sawa, fungua," nikamwambia. "Ila ngoja kwanza nivuke barabara. Na wewe kama una watu nyumbani wa kuwaaga, simu iko hapo kwa Bwana Salumu."

"Mama Mkemia, usimtishe mheshimiwa," Bwana Salumu akasema, huku naye akisogea nyuma taratibu.

Dereva wa lori, Mzambia, akatikisa kichwa akasema, "Awe, bamayo," yaani hapana, mama, akashuka na kwenda zake upande wa pili wa uzio. Mheshimiwa akairudisha bisibisi mfukoni. Ukweli ni kwamba isingewaka, ingeharibika tu. Lakini kuharibika hakujawahi kumtisha mtu wa serikali, kwa hiyo nilitumia lugha anayoielewa.

Kazi yenyewe nilipenda. Baridi kali tuliipata kwa gesi ya Rungwe, ile inayotoka ardhini na kutiwa kwenye soda. Unaulaza mtungi kichwa chini, unaufunga mdomoni mfuko wa kitambaa cha jinzi, unafungulia, na mfuko unajaa barafu kavu inayofuka. Ukiitia kwenye asetoni unapata baridi ambayo Mbozi haijawahi kuiona. Hapo unaning'iniza chupa yako, naitrojeni inapita juu yake polepole, na unaingiza vitu kwa sindano kupitia kizibo cha mpira, tone kwa tone. Dokta Silwimba alikuwa anasimama nyuma yangu akihema. Nikiharakisha alinigonga bega kwa rula. Siku mrija wa naitrojeni ulipochomoka katikati ya kazi, hakunigombeza, alikaa chini akashika kichwa, na hiyo iliuma kuliko rula.

Msimu wa kwanza tuliipima alkoholi kwenye polarimita, ikasoma upande uliotakiwa, tukapeleka vipira kijiji cha Ihanda. Mitego ikanasa. Wakulima wakatia dawa kwa wakati. Mmoja wa wakulima hao alikuwa mama mmoja jirani na barabara, mlezi wa nguruwe na mwimbaji wa kanisani, ambaye kijijini walimwita Mama Faraja. Kwenye orodha ya mradi aliandikwa kwa jina lake la ubatizo, Zelina. Alipoona dumuzi wamejaa kwenye kopo la mtego wakati mahindi yake bado yanang'aa, alimwambia bwana shamba wetu, "Kumbe hiki kinasikia kabla ya sikio langu." Akawa muumini wa mtego kuliko sisi tulioutengeneza.

Kisha taa ya polarimita ikaungua. Ni taa maalumu, ya sodiamu, na bila hiyo polarimita ni bomba la kuchungulia ukuta. Tukaomba nyingine. Afisa Ugavi akatuletea balbu ya kawaida, ile ya sebuleni. Tukaomba tena, akasema balbu tuliyopewa hatujaitumia. Hapo chupa ya kwanza ya borani nayo ikaisha, tukaagiza ya pili, ikaja, bohari wakaibandika lebo yao juu ya lebo ya kiwanda, na lebo yao ilisema hasi kama tulivyoomba. Tukaitumia. Dokta Silwimba alikwenda kwa Mkuu wa Kituo kusema kwamba tunatuma chambo shambani bila kukipima mkono. Mkuu akamjibu kwamba wafadhili wanakuja kuona mitego, hawaji kuona taa.

Msimu huo mitego ya Ihanda ilikaa mitupu. Ofisini walifurahi. Waliandika kwamba dumuzi wamepungua kutokana na mafanikio ya mwaka uliopita, wakapiga na picha.

Mama Faraja hakufurahi. Alimwita bwana shamba akamwambia mahindi yanalia. Wenye kihenge wanajua maana yake. Ukikaza sikio unasikia kitu kama mtu anasaga mchanga kwa meno mbali sana. Bwana shamba akachungulia kopo, akakuta hakuna kitu.

"Mtego ni mtupu, mama. Usitie dawa. Ukitia utaharibu jaribio."

"Lakini nasikia."

"Mwaka jana ulisema mtego unasikia kabla yako."

Akatii. Alitii mpaka unga ukaanza kumwagika chini ya kihenge, na hata hapo alimwita tena na akaambiwa vilevile. Mahindi yalipokuwa hayafai kwa ugali akayapepeta, akawapa nguruwe kilichobaki ili kisipotee chote. Watu wa kituo walipokuja kupima mwisho wa msimu walikuta kihenge chake karibu kitupu, na vihenge vya wenzake wote vimejaa.

Ukaitishwa mkutano kijijini, wafadhili wakiwapo, viti vyetu vyenye namba vikiwa vimebebwa kwa gari. Mkuu wa Kituo akasimama akasema mradi umefanikiwa, isipokuwa kwa mkulima mmoja ambaye kwa bahati mbaya tamaa ya soko la Tunduma ilimzidi.

Mama Faraja akainuka. "Mimi sijauza hata punje. Nilisema mahindi yanalia. Mkaniambia mtego ni mtupu."

"Mtego ulikuwa mtupu kweli," Mkuu akasema. "Hakukuwa na dumuzi. Sasa mahindi yameliwa na nani?"

Watu wakacheka. Mume wake alikuwa amekaa safu ya mbele na hakugeuka kumtazama. Siku hiyohiyo alimnyang'anya ufunguo wa stoo, na tangu hapo mwanamke yule alipimiwa unga ndani ya nyumba yake kama mgeni asiyeaminika. Kwaya wakamwambia apumzike kidogo. Mwaka ule familia ilikula kwa kuomba, na alipokwenda kuomba aliulizwa hela za Wazambia amezificha wapi.

Taa ya polarimita ilikuja baadaye sana, kwa mkono wa mgeni wa mradi aliyeombwa na Dokta kwa siri ailete kwenye begi lake. Tukachukua alkoholi tuliyoibakiza, tukaijaza kwenye bomba, nikachungulia nikizungusha kidude mpaka nusu mbili za duara zikalingana. Ilisoma upande mwingine. Nikaosha bomba nikarudia. Dokta akanisukuma pembeni akachungulia mwenyewe, kisha akachukua chupa ya borani akaiweka kwenye beseni la maji ya moto mpaka lebo ya bohari ikabanduka. Chini yake kiwanda kilikuwa kimeandika chanya.

Tulikwenda kwa Afisa Ugavi pamoja. Nilidhani atakana. Hakukana, alitabasamu.

"Aa, ile. Mimi ndiye niliyewaokoa. Mliandika hasi. Nikamuuliza muuzaji, akaniambia na chanya ipo, bei ni ileile. Sasa mtu mzima na akili zake, bei ni ileile, anunue hasi?"

Dokta Silwimba, ambaye nilimjua kwa kelele, akageuka akatoka nje. Mimi nilibaki. Nilimwambia Afisa Ugavi maneno ambayo mama yangu, angeyasikia, angeniosha kinywa kwa majivu. Alishangaa kikweli. Mpaka leo naamini alishangaa, na hilo ndilo linanichoma kuliko kama angekuwa mwizi. Mwizi angejua amefanya nini.

Kwa Mkuu wa Kituo tulieleza polepole, na gambuti Dokta akazileta. Mkuu alielewa. Msiseme hakuelewa, alielewa haraka kuliko mnavyodhani.

"Kwa hiyo msimu mzima tumetega kwa kitu ambacho mdudu hakijui," akasema.

"Ndiyo," Dokta akasema. "Na yule mama alisema kweli. Inabidi tukaseme Ihanda."

"Tukaseme nini? Kwamba fedha za wafadhili zimenunua dawa isiyo yenyewe? Mradi utafungwa wiki hiyohiyo, na nyinyi mkose hata hiyo gesi ya soda. Agizeni nyingine, ya hasi, turekebishe kimyakimya. Msimu ujao mitego ikijaa kila mtu atasahau."

"Yeye atasahau?" nikauliza.

"Nani?"

Hakuwa anakumbuka jina lake.

Tulikwenda Ihanda bila ruhusa, mimi na Dokta, kwa pikipiki yake. Tukamkuta Mama Faraja anamwagia nguruwe maji. Tukasalimiana kwa Kinyiha, nikamweleza kila kitu kwa Kinyiha hichohicho, na Dokta akaongeza kwa Kiswahili chake cha Kinamwanga kwamba kosa ni letu. Aliuliza swali moja tu, kama tunaweza kumwambia mume wake. Tukamwambia. Mume akasikiliza kwa adabu akasema tukayaseme hayo kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akasikiliza kwa adabu akasema yeye alipokea taarifa ya kituo yenye muhuri, na sisi tumekuja na maneno. Tulete muhuri.

Tukiwa tunaondoka, jirani mmoja akatusindikiza mpaka barabarani akashusha sauti.

"Mama, mimi sikuelewa mambo ya mikono. Ila sisi wengine wote tulitia dawa. Yalipoanza kulia tulitia, tukawaficha. Tungengoja kopo lenu?"

Hebu kaeni na jambo hilo. Wakulima wote walitudanganya, na vihenge vyao vikaandikwa kuwa ushahidi wa mafanikio. Mmoja alitutii. Huyo pekee ndiye aliyefanya jaribio kama tulivyolipanga, takwimu zake ndizo pekee zilizosema kweli kuhusu chambo chetu, na huyo ndiye tuliyemwita mwongo mbele ya mume wake na wazungu. Nimefanya kazi ya sayansi maisha yangu yote na sijaona uchafu kuzidi huo.

Mkuu hakutoa muhuri. Borani ya hasi ikaletwa, mitego ikanasa, mradi ukasifiwa. Mkuu akahamishwa akaja mwingine, nikamweleza, akasema hayo yalitokea kabla yake. Aliyemfuata akasema ni mambo ya zamani. Dokta Silwimba alistaafu akarudi kwao Momba, na kila nilipokwenda kumwona aliniuliza habari za muhuri kabla ya kuniuliza habari za watoto. Alifariki akiuliza. Afisa Ugavi alipata cheo, na nilisema sitaongea habari za vyeo.

Kilichobaki kituoni ni jina. Kwenye majedwali ya mradi kulikuwa na mstari mmoja usiolingana na mingine, na waliokuja kufanya hesabu waliuliza wafanye nini nao. Wakaambiwa, huo ni wa Zelina, utupeni. Mwaka uliofuata mkulima mwingine akapoteza karatasi zake, wakasema naye amefanya kama Zelina. Halafu wakaacha kusema kama. Nyinyi mnaoajiriwa sasa mnalikuta neno limeshakomaa, mnalitumia kwenye chai na kwenye taarifa: kiraka hiki ni zelina, ondoa zelina kabla hujapiga wastani. Nimewasahihisha mara nyingi. Mliniona bibi mkali wa maabara asiyejua utani, mkainamisha vichwa, na nikitoka mlango mkaendelea.

Kwa hiyo mliponiandalia hafla ya kuniaga, niliulizwa nataka kualika nani. Nilimwalika Mama Faraja. Mume wake alishatangulia mbele ya haki bila kumrudishia ufunguo. Nilimfuata Ihanda mwenyewe, nikamwambia Mkuu wa Kituo wa sasa ameniahidi kwamba mbele ya watu wote atasema kituo kilikosea. Aliniahidi kweli, tulipeana mkono. Habari za lile neno sikumwambia. Nilidhani kwa siku moja mngeweza kulizuia.

Siku ya hafla Mama Faraja alivaa kitenge kipya na viatu vya kuazima, akaketi safu ya pili karibu nami. Hotuba ya Mkuu ilikuja na ikapita, ikasifu maabara, ikanisifu mimi, ikasifu ushirikiano mzuri na wakulima. Kosa halikutajwa. Nilimtazama, akaangalia saa. Kisha kijana wetu wa takwimu akasimama na mashine yake ya kuonyesha picha ukutani, kuwaonyesha wageni kazi za msimu huu. Simtaji jina, anajijua, na si mtoto mbaya. Akaonyesha jedwali la vihenge, akasema kwa furaha kwamba safari hii wakulima wamejitahidi.

"Msimu mzima tumepata zelina tatu tu."

"Abee," Mama Faraja akaitika, kama anavyoitika mwanamke aliyelelewa vizuri akiitwa. Akainuka kwa kushikilia kiti cha mbele yake, akalitazama jedwali lile ukutani, kisha akamtazama kijana. "Nipo hapa, mwanangu. Ila niko mmoja tu."

Baadhi yenu mlicheka, mkidhani ni bibi aliyechanganya mambo. Waliokuwa wanajua walitazama sakafu. Kijana alinitazama mimi, nikamwonyesha kwa kidole mtu wa kutazamwa, yule aliyesimama, anayengoja kuambiwa alichoitiwa. Mkuu wa Kituo akampungia kijana mkono kumwonyesha kwamba muda unakwenda.

Kijana akaendelea na picha iliyofuata.